Ngamia ni wa kweli, mwaka ndio umefichwa

Msomaji ameuliza: "Shikamoo mwalimu. Mi ni Mzanzibari nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja hapa Muscat. Nyuma ya kaunta yetu kuna picha kubwa ya msafara wa ngamia unakuja kama unataka kukukanyaga, chini wameandika Léon Belly, Mahujaji wakienda Makka, 1861. Wiki iliyopita mgeni mmoja, mama anafundisha chuo kikuu Ulaya, akaniambia hiyo ni propaganda ya wakoloni mngeitoa. Bosi wangu Mwomani akacheka, akasema babu yake alikwenda hija hivohivo na picha haitoki. Nimebaki katikati. Nani mkweli? Na kwanini wazungu walikuwa wanapenda hivyo kuchora jangwa?"

Marahaba dada yangu, pole na kazi. Swali lako nimelisoma asubuhi nikasema ntajibu jioni mistari miwili mitatu, nimeshindwa, maana hiyo picha unayoipa mgongo kila siku ni katika picha ninazozipenda na pia katika picha zinazoniudhi, na zote mbili kwa wakati mmoja. Nikukatie maneno mapema halafu tuzungumze: bosi wako anasema kweli kuhusu ngamia, mgeni wako anasema kweli kuhusu mwaka.

Tuanze na ngamia. Huyu Belly hakuwa mtu wa kukaa Paris akatunga tu kichwani. Alikwenda Misri mwenyewe, 1855 na 1856, alikuwa na wenzake akina Jean-Léon Gérôme, mchoraji naye, na kijana mmoja anaitwa Bartholdi, ndio huyohuyo ambaye baadae alikuja kutengeneza lile sanamu la Uhuru la New York. Belly akarudi Ufaransa na michoro ya watu na ngamia mmojammoja, kisha akakaa nayo studio mpaka ikatoka hiyo unayoiona, ambayo yenyewe halisi ina mita 1 na sentimita 61 kwenda juu na mita 2 na sentimita 42 kwa upana, ipo Musée d'Orsay pale Paris. Mara ya kwanza kusimama mbele yake nilirudi nyuma hatua moja bila kujijua. Kwasababu ngamia wanakuja uso kwa uso, na mtu yeyote aliyewahi kushika penseli atakwambia ngamia wa ubavuni ni rahisi, shingo nundu mkia umemaliza, lakini wa mbele ni balaa, shingo inakuja kwako, kifua kinatokeza, magoti yanapishana, mguu mmoja ukikosea tu anakuwa meza. Belly hajakosea. Matandiko, shuka walizojitanda watu kujikinga jua, ule uchovu wa mtu aliyekaa juu ya mnyama tangu alfajiri, vyote vipo. Kwenye maonyesho makubwa ya Paris ya 1861, yale waliyokuwa wanayaita Saloni, alipewa medali na serikali ikainunua. Kwahiyo bosi wako akisema babu yake alisafiri vile, mi simbishii hata kidogo.

Sasa njoo kwenye mwaka. 1861 maana yake nini pale Misri? Reli ya Cairo kwenda Suez ilishafunguliwa tangu 1858. Yaani hujaji wa Cairo wakati Belly anamalizia rangi alikuwa anaweza kukata tiketi ya treni mpaka Suez, akapanda meli mpaka Jeddah. Pembeni yake kidogo, kuanzia 1859, mfereji wa Suez ulikuwa unachimbwa, na waliokuwa wanachimba ni wakulima wa Kimisri waliosombwa vijijini kwa lazima, makumi ya maelfu, kwa ajili ya kampuni ya Mfaransa Ferdinand de Lesseps. Jangwa lilelile! Kwenye picha huoni reli, huoni jembe, huoni Mfaransa hata mmoja. Na hata msafara wenyewe wa hija, ule uliokuwa bado unakwenda kwa nchi kavu, haukuwa kundi la watu tu wamejiondokea. Ulikuwa na mkubwa wake, Amirul Hajj, una askari, una ngamia wa mahmal yaani lile hema la heshima, njiani kuna ngome zenye visima, na makabila ya mabedui ambao msafara unapita kwao yanalipwa ili njia iwe salama. Ni mambo ya serikali, hesabu na makaratasi. Belly amevipunguza vyote amebakisha jua, mchanga na imani.

Ili unielewe chukua mfano wa nyumbani. Aje mchoraji leo akae Forodhani, achore majahazi, tanga, mabaharia, machweo, basi. Atakuwa amedanganya? Majahazi si yapo. Lakini boti ya Dar imeingia mbele ya macho yake na honi yake imempasua masikio na yeye akaisubiri ipite ndio aendelee kuchora, halafu kila atakayeiona picha huko kwao atasema loo, watu wa Zanzibar bado wanaishi hivyo. Ndio hapo.

Na ukitaka kujua kichwani mwa Belly kulikuwa na nini, angalia ukingo wa kushoto wa picha. Kuna mwanamke juu ya punda na mtoto wake, na mwanamume pamoja nao. Mfaransa wa 1861 akiona vile hafikirii Makka, anafikiria Mariamu na Yusufu wakimkimbiza mtoto Yesu kwenda Misri, maana kanisani kwao picha hiyo ameiona tangu utotoni. Kwahiyo kwenye msafara wa Waislamu jamaa amechomeka hadithi ya dini yake. Sio kwa ubaya nadhani. Ni kwamba kwao wazungu wa wakati ule jangwa lilikuwa ni Biblia inayotembea, waliamini Mwarabu hajabadilika tangu enzi za Ibrahim, na mchoraji mmoja mkubwa, Horace Vernet, alilisimamia hilo kwa dhati kabisa kwamba nguo za Waarabu wa siku zake ndio nguo za manabii, akawa anachora hadithi za Biblia kwa mavazi aliyoyaona Algeria. Huyohuyo Vernet ukimgeuza upande wa pili ndiye aliyechora jeshi la Ufaransa likiteka kambi ya Amir Abdelkader, kiongozi wa Waalgeria waliopigana na Wafaransa, 1843, picha ina mita zaidi ya 21 kwa urefu, ipo Versailles, nyumba nzima inaenea mle. Kwahiyo usidhani hawakuwa wanajua kuna vita. Vita ikichorwa ilichorwa kama sherehe, na jangwa likichorwa lilichorwa kama vita haijawahi kufika.

Hapa kuna mtu mmoja lazima nikusimulie, tena kwa kirefu, kwasababu kwangu mimi ndiye anayejibu swali lako kuliko hata Belly. Anaitwa Eugène Fromentin, mtoto wa La Rochelle, alizaliwa 1820, alikuwa mchoraji na pia mwandishi mzuri, na hapo ndipo alipojikamatisha mwenyewe. Ufaransa ilianza kuikalia Algeria 1830. Desemba 1852 jeshi lao likauvamia mji wa Laghouat, mlangoni mwa Sahara, kama kilomita 400 kusini ya Algiers, likapiga mizinga, likaingia, likaua watu mitaani na majumbani, sehemu kubwa ya mji ikaisha. Fromentin akafika pale miezi michache tu baadae, kiangazi cha 1853. Akazungushwa mji na afisa wa Kifaransa aliyekuwepo, akaonyeshwa wapi watu waliangukia, akasimuliwa hadi habari ya wanawake wawili waliouliwa ndani kwao na askari waliovunja kuingia. Na yote hayo aliyaandika! Yapo kwenye kitabu chake cha safari kilichotoka 1857, mtu yeyote anasoma.

Sasa aliporudi kwenye brashi? Kwenye Saloni ya 1859 akaonyesha picha ya mtaa wa Laghouat. Mchana, jua limekata mtaa vipande viwili, kipande kimoja kinaunguza kipande kingine kivuli, na kwenye kile kivuli wanaume wamejilaza ukutani wamejifunika nguo zao nyeupe, wamelala. Utulivu mtupu. Watu wa Paris walipenda, wakasema ndio joto hilo, ndio uvivu huo wa Mashariki. Mi kila nikiiangalia siwezi kuiangalia kama wamelala. Waliolala vile, wamejipanga vile, miguu imetokeza vile, kwenye mtaa uliochinjiwa watu miaka 6 nyuma? Labda mkono wake ulikuwa unakumbuka alichokataa kukichora. Haya ni mawazo yangu, usimwambie mgeni wako kwamba imethibitishwa. Ila ukweli kwamba kalamu yake ilisema na brashi yake ikanyamaza hilo halina ubishi, na sababu haihitaji digrii: kitabu kinasomwa na mtu peke yake chumbani, picha inanunuliwa na tajiri anaitundika chumba cha kulia chakula.

Miaka kumi mbele, kama 1869 hivi, Fromentin huyohuyo akachora nyingine anaiita Nchi ya Kiu, watu wameanguka jangwani wanakufa kwa kukosa maji, mmoja mkono juu. Wanakufa, sawa, lakini anayewaua ni nani? Ni jua. Unaona mchezo? Kifo sasa kimeruhusiwa kuingia kwenye picha, mradi muuaji asiwe na sare.

Mwenzake Gustave Guillaumet ana kisa kinachofanana ila yeye namuonea huruma zaidi. Alikuwa aende zake Italia 1862 akaishia Algeria, akaugua malaria akalazwa miezi mitatu hospitali ya jeshi huko Biskra, na bado akaipenda nchi akarudi tena na tena, mara kumi hivi. Picha yake maarufu inaitwa Sahara tu, ya 1867, hiyo nayo ipo Orsay. Humo hamna kitu. Mbele mifupa ya ngamia aliyekufa zamani, nyuma ardhi imenyooka mpaka mbingu, na mbali kabisa kijistari cha ukungu unajiuliza ni msafara ule au ni mazigazi. Kwa ufundi ni kazi ya mtu jasiri, maana kuchora pasipo na kitu mtazamaji asiondoke ni kazi ngumu mno. Lakini mwaka huo 1867, Algeria ilikuwa katikati ya njaa kubwa. Ukame, nzige, kipindupindu, na juu yake wenyeji walishanyang'anywa ardhi nzuri na mfumo wao wa kuweka akiba ya nafaka ulishavurugwa, wakafa mamia ya maelfu. Guillaumet aliiona hiyo njaa na, tofauti na Fromentin, akaichora: mama amekonda mtoto anatafuta ziwa, mikono inagombania mkate. Hiyo picha ya njaa leo iko wapi? Constantine, Algeria, kwenye makumbusho ya hapo mjini. Na mifupa ya ngamia iko Paris, inapigwa selfie. Mtu akiniuliza Uorientalisti, yaani huku kuichora Mashariki kwa jicho la mzungu, ni nini kwa sentensi moja huwa namjibu hivyo, picha ipi imebaki wapi.

Kuhusu kwanini walipenda kuchora jangwa. Njia ilifunguka, jibu la kwanza ni hilo. Jeshi limetangulia, meli za mvuke zipo, na tangu 1841 rangi ya mafuta ilikuwa inauzwa kwenye tyubu za bati kama dawa ya meno, kabla ya hapo mchoraji alikuwa anabeba rangi kwenye vibofu vya nguruwe, hebu fikiria kibofu kimepasuka mgongoni mwa ngamia. Soko pia lilikuwepo, kule Ulaya ni moshi wa viwanda na mvua, mtu anataka ukutani kwake jua na mbingu isiyo na bomba la moshi. Na kuna hamu ya kifundi ambayo watu wanaisahau: mwanga. Hawa walifundishwa kuchora kwa vivuli, sasa unamuweka mtu Sahara saa sita mchana, vivuli vyote vimejificha chini ya miguu, rangi zimepauka, mbali na karibu vinafanana. Fromentin alilalamika sana juu ya hilo, kwamba nchi ile haikubaliani na kanuni za uchoraji alizozijua. Ndio maana utaona wengi wamekimbilia alfajiri na magharibi, ni muda ambao brashi yao inapata pa kushika. Halafu mchanga! Sahara ni mchanga kama robo yake tu, iliyobaki ni mawe, kokoto na milima, ila nani atanunua picha ya kokoto.

Huyo mgeni wako wa chuo kikuu najua kabisa kasoma wapi, maana 1978 Edward Said, msomi wa Kipalestina, alitoa kitabu chake Orientalism na jalada lake likawa na picha ya Gérôme ya mtoto mcheza nyoka. Hiyo hata ya jangwani siyo, ukuta wa vigae nyuma ya wale wazee waliokaa chini unatokana na kasri la Topkapi la Istanbul, vingine vimeokotwa huku na kule. Mwaka 1983 akaja mwanamama Linda Nochlin, mwanahistoria wa sanaa, akaandika kwamba kwenye picha za namna hii usiangalie kilichopo tafuta kilichokosekana, na kikubwa kinachokosekana ni historia, na mzungu mwenyewe, ambaye yupo palepale anachora lakini anajifanya hayupo. Sijaona mtu aliyeliweka vizuri zaidi. Ila wanafunzi wake wengine wamelifanya rungu, kila ngamia ni mkoloni, na hapo ndipo tunapoachana, maana wanakuwa hawaangalii tena picha, wanaangalia tarehe ya kuzaliwa mchoraji.

Kwa mfano utamfanyaje Étienne Dinet? Mfaransa, alifika Algeria 1884, akahamia kwenye mji wa Bou Saâda, akajifunza Kiarabu, akawa na rafiki yake Sliman ben Ibrahim wakiandika vitabu pamoja, akasilimu akaitwa Nasreddine, akaenda hija 1929 na mwisho wa mwaka huohuo akafa, akarudishwa kuzikwa Bou Saâda. Watu wake kwenye picha wanacheka, wanagombana, watoto wanachungulia, ni majirani zake hao. Wenyeji hapo wana makumbusho yake mpaka leo. Wakati huohuo ndiye aliyechora wasichana wa Ouled Naïl, kabila la hukohuko Algeria, uchi wakioga mtoni, wateja wa Paris wakazilipia vizuri. Mi nimekubali kukaa na vyote viwili, mtu ni mtu.

Na bosi wako je? Usimdharau kwamba haelewi. Tangu miaka ya 70 na 80 wanunuzi wakubwa wa picha hizi ni Waarabu wenyewe, Doha kuna hazina nzima ya picha za Kiorientalisti imekusanywa, na minada ya London inajua kabisa nani anapiga simu. Niliwahi kumuuliza mkusanyaji mmoja wa huko Ghuba mbona unanunua vitu vilivyokutukana, akaniambia kamera za wakati ule hazikuwa na rangi, mi nataka kujua tandiko la babu lilikuwa na wekundu gani. Sikuwa na jibu. Tandiko ni ushahidi, hata kama aliyelichora alikuwa na yake moyoni. Isipokuwa kuna wachoraji kama Ludwig Deutsch na Rudolf Ernst ambao studio zao zilikuwa Paris zimejaa panga, mazulia na majoho ya kununua, na ukizitazama picha zao nyingi unakutana na birika lilelile na zulia lilelile kwenye miji tofauti. Hao kwa ushahidi usiwategemee sana.

Kwahiyo picha isitoke, kama ningekuwa na kura. Mgeni mwingine akikuuliza mwambie ngamia ni wa kweli kisha mtajie treni ya 1858, utaona uso wake. Kitu kimoja tu nenda kakiangalie kesho ukiingia zamu kabla hamjaanza kuwa bize, halafu uniandikie. Hawa wanaouza nakala za hotelini huwa wanaikata picha pembeni ili iingie kwenye fremu walizonazo. Angalia kushoto kabisa, yule mwanamke na punda wake bado yupo, au naye wamemkata?